Kumpa, kumkopesha au kumdhamini: ndugu akikuomba msaada, Mkristo achague lipi?

Simu ikiingia saa nne usiku na ndugu akasema "dada, naomba unisitiri", kichwani huja swali moja tu: nitoe au nisitoe? Swali hilo linatubana bure. Pesa ileile inaweza kutoka kwa njia kadhaa: kumpa kabisa, kumkopesha, kumlipia mwenyewe kule anakodaiwa, kumdhamini kwa mtu mwingine, au kumchukua akae kwako mpaka ajipange. Nimeona ndugu waliopeana mamilioni wakaendelea kula sahani moja, na wengine waliosusiana hadi msibani kwa ajili ya laki mbili. Aghalabu kilichowatofautisha ni njia waliyopitia kuliko kiasi chenyewe.

Tuchukue mfano mmoja tuupitishe kote. Mdogo wako anaendesha pikipiki ya mkataba. Ameshindwa kupeleka hesabu, deni limefika shilingi 400,000, na mwenye chombo amesema Jumamosi anakuja kukichukua. Wewe umeajiriwa, una watoto wawili shuleni, na kwenye simu una 550,000. Kati ya hizo, 300,000 ni ada ya Januari.

Kama mdogo wako naye ni mtu wa kanisani, huenda ujumbe wake ukaja na Mathayo 5:42: "Akuombaye, mpe, naye atakaye kukopa kwako, usimpe kisogo." Hiyo ni amri ya Bwana, na sioni njia halali ya kuipunguza makali. Ila haisemi mpe kilekile alichotaja. Yule kiwete aliyewekwa kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri aliomba sadaka, na Petro akamjibu: "Mimi sina fedha, wala dhahabu, lakini nilicho nacho ndicho nikupacho" (Matendo 3:6). Aliombwa hiki, akatoa kile, wala hakuna anayesema alimpa mtu kisogo. Tumekatazwa kugeuza uso. Namna ya kusaidia tumeachiwa tuipime wenyewe.

Kumpa na kumkopesha

Mikopo mingi kati ya ndugu ni zawadi ambazo hakuna aliyekubali kuziita zawadi. Anayeomba anasema "nikopeshe" kwa sababu neno hilo linamwachia heshima yake. Anayetoa anasema "sawa, utanirudishia" kwa sababu anaona aibu kuonekana ana pesa ya kugawa. Miezi mitatu baadaye mmoja hapokei simu na mwingine anahesabu moyoni.

Heshima hiyo ya mkopaji si jambo dogo, na ndiyo faida kubwa ya kukopesha. Mtu mzima anayekopa na kulipa anabaki mtu mzima. Torati yenyewe haikuufuta mkopo, iliuwekea uzio. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini. Kumbukumbu la Torati 15 inaagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba, kisha inamwonya yule ambaye angekataa kukopesha kwa kuwa mwaka huo umekaribia. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, maana hilo ndilo linalomlisha mtu. Kwa lugha ya kijiweni: usishikilie kadi ya pikipiki ya mtu anayekula kwa pikipiki hiyohiyo. Na katika Luka 6:35 Yesu anasema tukopeshe pasipo kutumaini kupata kitu. Ukiyakusanya yote hayo, mkopo wa Biblia kwa mhitaji umekaa jirani sana na zawadi.

Kwa hiyo kabla ya kukopesha mimi ninapima hivi: asipolipa kabisa, Krismasi nitaweza kukaa naye meza moja bila kinyongo? Kama siwezi, kiasi hicho kimenizidi. Ni heri nitoe kidogo ambacho hakitarudi kuliko nikopeshe kingi ambacho nitakidai kwa macho kila tukikutana.

Kwa mdogo wako wa pikipiki hesabu ni rahisi. Ondoa ada, zinabaki 250,000. Ondoa nauli na chakula cha hadi mwisho wa mwezi, tuseme zinabaki 150,000. Hapo Paulo anakutetea: "kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12), na mstari unaofuata unasema wazi kwamba hakusudii wengine wapate raha na watoaji wabaki na dhiki. Laki na nusu haimalizi deni. Inampa mdogo wako kitu cha kupeleka mkononi anapokwenda kumwomba mwenye chombo siku zaidi, na kwenda huko ni kazi yake. Ukitoa 400,000 zote, umelipa deni la mkubwa kwa ada ya mtoto, na mtoto hakuulizwa.

Kuna mahali mkopo unashinda zawadi: pesa inapokwenda kwenye kitu kinachozaa, kama cherehani au mtaji wa genge, na anayekopa ana historia ya kulipa. Hapo kopesha, tena muandikishane. Watu huniambia kuandikishana na ndugu ni kukosa imani. Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mtoto wa ami yake, kwa shekeli 17 za fedha. Aliipima fedha kwenye mizani, akatia sahihi hati, akaweka mashahidi (Yeremia 32:9-12). Alikuwa nabii, tena amefungwa uani mwa walinzi, na bado alitaka karatasi.

Zawadi nayo ina ugonjwa wake, unaitwa simango. Umempa, hakulipi, lakini kila kikao cha ukoo lazima ikumbukwe nani alimwokoa nani. Kama unajijua ulimi wako, toa kimya au usitoe kabisa.

Kumpa mkononi na kumlipia mwenyewe

Msamaria Mwema hakumkabidhi majeruhi pesa. Alimsafisha, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, na asubuhi akampa mwenye nyumba dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kama tunavyoona kwa wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Basi alilipa kama vibarua vya siku mbili, akaondoka kuendelea na safari yake. Watu hukumbuka huruma yake na kusahau kwamba alikuwa na safari na hakuifuta.

Njia hii inafaa sana kwa ada, dawa, kodi ya chumba na bima. Inafaa pia pale unapojua pesa taslimu itaishia kwenye mikeka ya kubeti au kwenye pombe. Kwa mtu wa namna hiyo unga na mafuta ni upendo, na noti mkononi ni kumsukuma. Faida nyingine ni kwamba unaujua ukweli. Ukimpigia mwenye pikipiki mwenyewe unaweza kukuta deni ni 250,000 na nyingine ziliongezwa, au ukakuta ni 700,000 na mdogo wako aliona haya kutaja. Na kwa jinsi meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zilivyotuchosha, kupiga simu kwanza ni lazima hata kama jina lililotokea ni la mama yako mzazi.

Hasara yake ni kwamba inaudhi, na ina haki ya kuudhi. Mtu ambaye hajawahi kukudanganya, ukimlipia kama mtoto unamwambia humwamini. Kwake mpe mkononi.

Lipo jambo moja katika kisa cha Msamaria linalonitatiza mimi ninayehubiri mipaka. Alimwambia mwenye nyumba kwamba chochote kitakachozidi atakilipa akirudi. Hakutaja kikomo. Naona jibu liko kwenye hali ya yule aliyesaidiwa: alikuwa amelala njiani karibu ya kufa, hawezi hata kuomba. Ajali, uchungu wa uzazi, mtoto mwenye homa kali, nyumba iliyoungua, hivyo havina muda wa hesabu, na Mkristo anayetoa kalamu na karatasi mlangoni mwa wodi amepotea njia. Mipaka ninayoizungumzia ni ya dharura inayojirudia kila mwisho wa mwezi.

Kudhamini

Hapa ndipo nasimama kwa muda mrefu, kwa sababu ndiyo njia inayoonekana nyepesi kuliko zote. Kudhamini hakukuondolei shilingi leo. Unaombwa sahihi tu, na kitambulisho. Unaondoka ofisini ukijisikia umetenda wema na pochi yako iko vilevile.

Tuseme mdogo wako amechoka na mkataba. Anataka mkopo wa 3,000,000 kwenye SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ili anunue pikipiki yake, na anakuomba uwe mmoja wa wadhamini. Kwa kawaida akiba yako inashikiliwa kwa kiasi ulichomdhamini. Huwezi kuitoa, na uwezo wako mwenyewe wa kukopa unapungua mpaka yeye amalize. Akikwama, makato yanahamia kwenu. Sheria ya mikataba ya Tanzania nayo haina huruma: wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba umesema vingine. Kwenye benki inaweza kuwa nyumba. Hapo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wako aridhie kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Na hata pasipo sheria, Mkristo anayedhamini kwa siri ya mkewe au mumewe ametoa cha mwenzake kwa jina la wema.

Linganisha na zawadi. Zawadi ya 150,000 inakuuma mara moja, leo, na unajua inakuuma kiasi gani. Dhamana inaweza kukuuma miezi kumi na minane baadaye, wakati una msiba au mtoto ameingia chuo, na kiasi hukukichagua wewe. Tena linganisha na mkopo. Ukimkopesha mtu akashindwa, unaweza kumsamehe, kwa kuwa deni ni lako. Ukimdhamini akashindwa, huna mamlaka ya kusamehe chochote. Wema wako umefungiwa ofisini kwa mtu mwingine.

Ndiyo maana Mithali inalirudia jambo hili kana kwamba mwandishi aliunguzwa nalo: sura ya 6, ya 11, ya 17, ya 20, ya 22, ya 27. Ile ya 22 inauliza kwa ukali kwamba ikiwa huna kitu cha kulipa, kwa nini akuondolee kitanda chako chini yako?

Hata hivyo Biblia ina wadhamini wanaosifiwa. Yuda alimdhamini Benyamini kwa baba yao (Mwanzo 43:9), na mambo yalipoharibika Misri akajitoa awe mtumwa badala ya kijana. Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu mtumwa wake Onesimo: kama anawiwa kitu, "ukiandike hicho juu yangu", kisha akaongeza kwa mkono wake mwenyewe, "mimi nitalipa". Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Je, Mithali imepingwa? Sidhani. Yuda alikuwa na mwili wake wa kutoa, na aliutoa. Paulo alisimama kwa deni lililokwisha kutokea, kwa mdai anayemjua, naye alisema atalipa. Hakusema "usiwe na wasiwasi, kijana atalipa". Mithali inawaonya wale wanaosaini wakitumaini kwamba zamu yao haitafika.

Basi kipimo changu ni kikali na najua kinawaudhi watu: saini dhamana ya 3,000,000 ikiwa tu ungekuwa tayari, na una uwezo, wa kulipa sehemu yako yote bila kugusa ada na kodi. Kama huwezi, mwambie hapana kwenye dhamana na umpe kitu kingine. Mzee wa kanisa, mchungaji, mwalimu wa shule ya Jumapili, ninyi ndio mnaowindwa zaidi, maana sahihi yenu inaaminika na "hapana" yenu inaonekana dhambi. Nimeona mtumishi mmoja aliyedhamini washirika kadhaa kwa mpigo. Mikopo iliposimama alikwepa njia ya sokoni, na wale aliowadhamini waliikwepa ibada. Kanisa lilipoteza pande zote mbili.

Kumchukua nyumbani

Hapa sina mengi, kwa sababu wahenga walimaliza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unasema karibu yaleyale: mgeni apitaye akae siku mbili au tatu ikibidi, na akitaka kuhamia kwenu akiwa ana ufundi, afanye kazi ndipo ale. Mpokee mdogo wako, ila siku ya kwanza, si mwezi wa nne, mkubaliane anakaa hadi lini na atachangia nini. Kuchota maji na kuwasindikiza watoto shuleni ni mchango. Na kama nyumbani kuna mabinti, au mgeni ana historia ya vurugu au ulevi, mlipie chumba kwingine. Ukarimu haumlazimishi mtoto wako kulala na hofu.

Kumwambia hapana

Wengi wakitafuta andiko la kukataa hukimbilia 2 Wathesalonike 3:10, "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula". Tulisome taratibu. Limesema *hataki*. Halimhusu mgonjwa, mzee, wala kijana anayezunguka na bahasha ya vyeti tangu asubuhi. Kulitupa kwa mtu aliyekosa kazi ni ukatili wenye sura na mstari.

Maandiko mengine yanasaidia zaidi. Mithali 19:19 inasema kuhusu mtu wa hasira nyingi kwamba ukimponya leo utalazimika kumponya tena. Mimi naiona hivyohivyo kwa kamari na kwa mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza: kulipa ya tatu ni kuandaa ya nne. Yule baba katika Luka 15 alikuwa na ng'ombe, watumishi na mali, lakini hatusomi popote kwamba alituma pesa kule nchi ya mbali. Mwana alizingatia moyoni mwake akiwa na njaa, na akarudi kwenye mlango ambao haukuwa umefungwa.

Na kuna Marko 7, ambako Yesu anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, sadaka kwa Mungu, huku baba na mama wakikosa. Hilo nalipeleka kwa wale wanaoongoza kwa michango ya jengo na harambee za kila kwaya ilhali mama yuko kijijini na paa linavuja. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Katika sura hiyohiyo anaweka masharti ya wajane wa kuandikwa kwenye orodha ya kanisa: umri usiopungua miaka 60, matendo yanayojulikana, na wale wenye watoto au wajukuu watunzwe na hao kwanza. Kanisa la kwanza lilikuwa na upendo na lilikuwa na orodha.

Ukikataa, usidanganye. "Sina kitu" huku unazo ni uongo, na mdogo wako atakuona Jumapili na viatu vipya. Sema hivi: "Mdogo wangu, laki nne sitatoa. Nina laki na nusu, si deni. Jumamosi nitakuja twende wote kwa mwenye pikipiki." Akikasirika, kasirikeni mkiwa mnajua ukweli.

Ningechagua lipi

Kwa dharura ya uhai, toa na uulize baadaye. Kwa mahitaji ya kawaida ya ndugu mwaminifu, mpe mkononi kiasi ambacho hutakikumbuka. Kwa mtu ambaye pesa humponyoka, lipia mwenyewe. Kopesha kwa ajili ya kazi, kwa maandishi. Dhamana naiweka mwisho kabisa, na katika watu kumi wanaoniomba ushauri wa kudhamini, tisa nawaambia wasisaini.

Wa kumi ni yule aliyekwisha saini kabla ya kuniuliza. Kwake Mithali 6:1-5 haisemi asubiri aone. Inasema aende, anyenyekee, amsihi mwenzake, asiyape macho yake usingizi mpaka ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Kwa siku hizi: nenda ofisini kesho uulize salio la mkopo na kama kuna marejesho yaliyoruka. Mwambie mkopaji atafute mdhamini mwingine au aweke dhamana ya kitu chake mwenyewe. Kama anayumba, waombeni mpangilio mpya wa marejesho kabla hajaanguka, maana hapo bado wanasikiliza. Mweleze mwenzi wako usiku huohuo. Usimdhamini mtu wa pili ili kumfurahisha wa kwanza. Na mwombe karani akuandikie ni lini, na kwa masharti gani, jina lako litaondolewa.